Merikebu Zetu Zilikwenda Wapi?

(Hotuba hii ilitolewa na mwanachama wetu, mwanafunzi wa chuo kikuu, katika mhadhara wa vijana na wazazi baada ya swala ya tarawehe. Tumeiandika karibu kama ilivyosemwa. – Mhariri)



Najua mumechoka. Mumefunga, mumefuturu, mumeswali, na wengine wenu mihogo ya nazi ingali inawalemea. Nitajitahidi nisiwe mrefu. Nikimuona mtu wa tatu anasinzia nitajua wakati wangu umekwisha, maana wawili nishawaona tayari.

Nimeombwa nizungumze juu ya historia kwa sababu ndiyo ninayosomea. Nami nimechagua jambo ambalo limenikera moyoni tangu Ramadhan ya mwaka juzi. Usiku mmoja tulikuwa barazani kwetu, tunakunywa kahawa, tukabishana kama kawaida ya vijana. Rafiki yangu mmoja akasema kwa sauti kubwa: "Sisi tulikuwa na manowari! Bahari hii yote kuanzia Maskati mpaka Kilwa ilikuwa yetu. Leo tuna nini? Wazungu wametunyang'anya." Sote tukaitikia: kweli, kweli kabisa.

Babu yangu alikuwa amekaa pembeni na tasbihi yake. Babu alikuwa fundi wa majahazi tangu ujana wake. Akatusikiliza mpaka tukamaliza, kisha akauliza swali moja tu: "Hizo merikebu, nani alikuwa akizitia kalafati?"

Tukacheka. Yeye hakucheka. Akarudi kwenye tasbihi yake. Mimi nikamwambia, "Babu, nitakwenda kusoma nikuletee jibu." Babu alifariki miezi minne baadaye, Allah amrehemu, na jibu sikuwahi kumpa. Kwa hivyo usiku huu nawapa nyinyi.

Idadi si jeshi

Kwanza tufahamiane juu ya jambo moja. Mtu akikwambia taifa fulani lina manowari hamsini, bado hajakwambia kitu. Muulize: kubwa ngapi na ndogo ngapi? Mpya ngapi, na ngapi zimefungwa gatini zinaoza? Zina mabaharia? Na zikivunjika, zatengenezwa wapi?

Chombo cha mbao ni kama mtu mzima mwenye maradhi ya sukari, hakiishi bila ya kuangaliwa kila siku. Maji ya chumvi yala misumari, wadudu wa baharini watoboa mbao, jua lakausha mashimo yaliyozibwa kwa pamba, na matanga yaoza kwa mvua. Kila baada ya muda chombo lazima kipandishwe pwani, kikwanguliwe, kitiwe kalafati upya, kipakwe mafuta. Ukikiacha misimu michache tu, kwenye daftari bado ni chombo, lakini baharini ni jeneza. Babu aliyajua haya kwa mikono yake. Sisi tulikuwa tukihesabu majina.

Basi tufuate merikebu moja baada ya nyingine, tangu mwanzo. Nazungumzia jeshi la majini la Oman, ambalo baadaye liligawika na upande mmoja ukawa wa Zanzibar, maana ndilo rafiki yangu alilokuwa akilikusudia aliposema "sisi".

Zilivyoanza: wizi wa adui na mbao za India

Wareno waliiteka Maskati mwaka 1507. Huku kwetu walianza kuijenga Ngome ya Yesu, ile Fort Jesus tunayoijua, mwaka 1593. Oman wakati huo ilikuwa imegawanyika makabila kwa makabila. Imamu Nasir bin Murshid al-Yaarubi, aliyeshika uongozi mwaka 1624, ndiye aliyewaunganisha watu, na alifariki mwaka 1649 kabla ya kuikamilisha kazi. Aliyemfuata, Imamu Sultan bin Saif, akawatoa Wareno Maskati mwaka 1650.

Sasa tazameni. Oman ni nchi ya milima, mawe na mitende. Haina miti mikubwa ya kuundia merikebu. Manowari zilitoka wapi basi? Nyingine walizikamata kwa Wareno wenyewe. Nyingine zilinunuliwa au kuundwa pwani ya magharibi ya India, kulikokuwa na miti ya msaji na mafundi hodari. Yaani tangu siku ya kwanza, mwili wa jeshi hili ulitoka ng'ambo. Cha Oman chenyewe kilikuwa ni mabaharia wanaozijua pepo za kaskazi na kusi, biashara ya kulipia gharama, na umoja. Hivyo vitatu vilitosha. Mwaka 1668 walifika hadi Diu, kituo cha Wareno huko India, wakakivamia. Mwezi Machi 1696 wakaizunguka Fort Jesus, na baada ya miezi thalathini na tatu, Disemba 1698, ngome ikaanguka.

Kulikuwa na nahodha mmoja wa Kiskoti, Alexander Hamilton, aliyefanya biashara katika bahari hizi. Yeye ameacha hesabu ya jeshi hilo lilivyokuwa mwaka 1715: merikebu moja ya mizinga 74, mbili za mizinga 60, moja ya mizinga 50, na ndogo 18 zenye mizinga kati ya 12 na 32, mbali na vyombo vya makasia. Mwaona muundo wake? Kubwa nne tu. Ndogo 18. Zile nne ni za kuvunja ngome na kumtia adui hofu. Zile 18 ndizo za kazi ya kila siku: kulinda misafara, kufukuza, kupeleka habari, kuingia kwenye mito na milango ya bahari yenye maji machache. Jeshi lenye akili huwa hivyo.

Zilivyopotea mara ya kwanza

Tangu 1650 mpaka 1715 ni miaka 65, umri wa mzee mmoja. Na kupotea kwake hakukuhitaji hata miaka kumi na tano. Imamu Sultan bin Saif wa pili alipofariki, karibu mwaka 1718, Waomani wakagombana wenyewe kwa wenyewe juu ya nani awe imamu. Makabila yakajigawa pande mbili, Hinawi na Ghafiri. Vita hivyo vya ndugu viliendelea miaka mingi, na mwisho Waajemi wakaitwa waingie kusaidia upande mmoja, wakakaa.

Na merikebu? Hakuna adui aliyezizamisha. Zilikosa bwana. Fedha za kuzitengeneza zikaenda kulipa askari wa nchi kavu wanaouana na ndugu zao. Na huku kwetu matokeo yakaonekana upesi. Mwaka 1728 Wareno wakarudi Mombasa, wakaingia ndani ya Fort Jesus ile ile iliyogharimu miezi thalathini na tatu na roho chungu nzima! Waliowatoa mwaka uliofuata, 1729, ni watu wa Mombasa wenyewe walioinuka.

Ndugu zangu, hapo mimi nilisimama nikafunga kitabu kidogo. Maana barazani tulikuwa tumekubaliana kwamba ni Wazungu waliotunyang'anya. Mara ya kwanza hawakutunyang'anya. Tulijinyang'anya.

Liverpool, merikebu ya mizinga 74

Ahmad bin Said, wa kwanza katika watawala wa Kibusaidi, akawatoa Waajemi na kuanza kuzijenga upya nguvu za bahari. Mwaka 1775 Oman iliweza tena kutuma merikebu mpaka Basra kuusaidia mji huo uliokuwa umezungukwa na Waajemi. Lakini kilele cha Wabusaidi ni wakati wa mjukuu wake, Sayyid Said bin Sultan, aliyetawala tangu 1806 mpaka 1856.

Sayyid Said alipenda merikebu. Aliagiza nyingi Bombay, kwenye karakana ambako mafundi wakuu walikuwa ni ukoo wa Kiparsi wa Wadia. Mbao zao za msaji hazina mfano. Kuna merikebu iitwayo Trincomalee, iliundwa Bombay kwa ajili ya Waingereza mwaka 1817, na mpaka leo ingali inaelea huko Hartlepool, Uingereza. Miaka zaidi ya mia mbili! Karakana hiyo hiyo ndiyo iliyomuundia Sayyid Said merikebu iliyoshushwa majini mwaka 1826, yenye mizinga 74, ikaitwa Liverpool.

Na Liverpool ilipelekwa wapi? Wengi wenu hamtapenda jibu. Mwanzoni mwa mwaka 1828 ilikuja hapa, Mombasa. Haikuja kupigana na Wareno, hao walikuwa washaondoka zamani. Ilikuja kuitoa Fort Jesus mikononi mwa Wamazrui, ambao babu zao walikuwa maliwali wa Oman katika mji huu na ambao walikataa kuwatambua Wabusaidi. Waislamu kwa Waislamu, Waomani kwa Waomani, na watu wa Mombasa katikati.

Na tena, ile mizinga 74 haikutosha. Sayyid Said alipata kuingia ngomeni kwa makubaliano, akaacha askari, akaondoka. Wamazrui wakaizunguka ngome wakaichukua tena. Akarudi zaidi ya mara moja na merikebu zake bila ya kufaulu. Aliipata Mombasa mwaka 1837 tu, baada ya Wamazrui kuanza kugombana wenyewe kwa wenyewe juu ya uongozi. Viongozi wao wakakamatwa, wakapelekwa kufungwa Bandar Abbas, pwani ya Uajemi. Fitina ilifanya kazi ambayo mizinga haikuweza.

Kwa hivyo ukisema "sisi tulikuwa na manowari", na wewe ni mtoto wa Mombasa, jiulize vizuri ni "sisi" yupi. Ulikuwa nyuma ya mzinga au mbele yake?

Zawadi

Mwaka 1836 Sayyid Said alifanya jambo la kushangaza. Liverpool ile, iliyokuwa na miaka kumi tu, alimpa zawadi Mfalme William wa Nne wa Uingereza. Yeye akaletewa kwa kurudishiwa hisani chombo cha anasa cha kifalme kilichoitwa Prince Regent. Waingereza wakaibadilisha jina Liverpool wakaiita Imaum, kwa heshima ya aliyeitoa, na miaka yake ya mwisho ikaimalizia imefungwa bandarini huko Jamaica.

Kwa nini mtu atoe merikebu yake kubwa kabisa? Urafiki wa Uingereza alikuwa anauhitaji, hilo ni moja. Lakini fikirini pia gharama. Merikebu ya mizinga 74 katika jeshi la Waingereza ilikuwa na watu zaidi ya mia tano. Wote wale, walipwe mshahara, kila siku. Na vita vya Sayyid Said havikuwa vya merikebu kubwa kwa merikebu kubwa tena. Alichohitaji yeye ni vyombo vya kati vya kuzunguka pwani na kubeba bidhaa, maana merikebu zake wakati wa amani zilikuwa zikifanya biashara.

Mfano mzuri ni Sultana, merikebu ya mizinga 14 tu. Hiyo ilifika New York tarehe 30 Aprili 1840, ikiongozwa na mjumbe wake Ahmad bin Naaman, imebeba pembe za ndovu, karafuu, kahawa, tende na mazulia. Wamarekani wakaipandisha kwenye karakana yao ya jeshi la majini huko Brooklyn, wakaitengeneza bure. Sultana ile ndogo imetuletea heshima kuliko Liverpool na mizinga yake yote. Lakini hata Sultana, aliyekuwa akiiongoza njia baharini alikuwa Muingereza, na iliyoichakaza safari ilitengenezwa na Wamarekani. Mwakumbuka swali la Babu?

Nani aliyelipa?

Hapa nataka vijana wenzangu munisikilize vizuri, na wazee munisamehe.

Fedha za merikebu zilitoka kwenye ushuru wa forodha, ambao Sayyid Said aliukodisha kwa wafanyabiashara wa Kihindi, na kwenye karafuu, pembe na watumwa. Mikarafuu ya Unguja na Pemba ilipandwa na kuvunwa na watumwa. Waliletwa kutoka bara, wengine kutoka huko Ziwa Nyasa, wakapita Kilwa, wakauzwa. Ukichukua thamani ya kamba moja ya merikebu zile, ndani yake kuna jasho la mtu ambaye hakulipwa, na pengine aliyetenganishwa na mtoto wake.

Baadhi yetu tukilisikia jambo hili twakasirika, twasema ni propaganda ya kutuchafua. Na kweli wapo wanaolitumia hivyo. Lakini dini yetu imetufundisha kusema haki hata kama ni juu ya nafsi zetu na wazazi wetu. Na humu humu ukumbini, wallahi, wamo wajukuu wa waliopanda merikebu zile kama mabwana na wajukuu wa waliopakiwa kama mizigo, tumekaa safu moja, na muda mfupi uliopita tumeswali bega kwa bega. Mimi sioni aibu kulisema. Naona aibu tukilificha.

Zilivyopotea mara ya pili

Sayyid Said alifariki baharini tarehe 19 Oktoba 1856, ndani ya merikebu yake Victoria, akirudi Unguja kutoka Maskati. Baada yake watoto wakagombana. Thuwaini alikuwa Maskati, Majid Unguja. Mwaka 1861 Lord Canning, aliyekuwa akiitawala India kwa niaba ya Waingereza, akakata shauri: Oman na Zanzibar ziwe nchi mbili, na Zanzibar iilipe Maskati reale 40,000 kila mwaka. Dola moja ya bahari ikawa mbili ndogo. Maskati ikakosa fedha za karafuu, na Zanzibar ikakosa mabaharia na askari wa Oman.

Na wakati huo huo dunia ilikuwa inabadilika. Mwaka 1859 Ufaransa ilishusha majini La Gloire, manowari iliyovikwa chuma. Mwaka 1860 Uingereza ikajibu kwa Warrior, ya chuma mwili mzima. Kuanzia hapo, merikebu ya mbao hata iwe na mizinga mia ilikuwa ni kuni. Mwaka 1869 ukafunguliwa mfereji wa Suez, na merikebu za moshi zikafika kwetu bila ya kungojea kaskazi wala kusi. Elimu ya pepo, iliyokuwa mali yetu kubwa, ikashuka bei ndani ya miaka michache.

Tarehe 15 Aprili 1872 dhoruba kubwa ikaipiga Unguja. Ikang'oa mikarafuu mingi sana, na bandarini ikaviharibu karibu vyombo vyote vya Sayyid Barghash. Sultani mwenye hazina angeunda vingine. Lakini dhoruba iliua merikebu na hazina siku moja. Mwaka uliofuata, Juni 1873, Waingereza wakamlazimisha kulifunga soko la watumwa kwa kumtishia kuizuilia bandari yake. Jambo lenyewe la kulifunga lilikuwa la haki, nasi tungelitangulia sisi. Lakini tazameni lilivyokuja: kwa amri ya mwenye manowari.

Barghash hakukata tamaa. Alinunua merikebu za moshi za biashara, na manowari moja aliiagiza Scotland, ikafika mwaka 1878. Jina lake Glasgow. Ilikuwa na mashine ya mvuke na milingoti ya matanga pamoja, imependeza sana, na mizinga yake ilikuwa midogo. Moja tu. Kutoka merikebu 22 za mwaka 1715 tumefika moja.

Mwezi Agosti 1885 manowari za Kijerumani zikaja zikasimama mbele ya jumba la Barghash, mizinga imeelekezwa kwake, kwa sababu alikataa kukubali kwamba sehemu za bara zimeshakuwa zao. Glasgow ilikuwapo bandarini. Ingefanya nini? Barghash akakubali.

Na mwisho wake mwaujua. Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki, na Khalid bin Barghash akaingia jumbani bila ya ridhaa ya Waingereza. Tarehe 27, saa tatu asubuhi, manowari tano za Kiingereza zikaanza kupiga. Kwa dakika kama thalathini na nane jumba likabomoka, na watu wapatao mia tano upande wa Zanzibar wakauawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Glasgow ilipigana na mizinga yake midogo, ikazama pale pale ilipotia nanga. Maji hayakuwa marefu, kwa hivyo milingoti yake ilibaki inachomoza juu ya maji kwa miaka, kila aingiaye bandarini aione, mpaka ilipokuja kuondolewa mwaka 1912.

Hapo ndipo Wazungu walipotunyang'anya. Na tukubali, walitunyang'anya kweli, na walimwaga damu. Lakini walichokikuta cha kunyang'anya kilikuwa ni milingoti mitatu.

Jibu la Babu

Basi, nani alikuwa akizitia kalafati?

Babu, jibu lenyewe ni hili. Walikuwa ni mafundi wa Bombay, mabaharia wa Sur na wa Mswahilini ambao majina yao hayakuandikwa, watumwa, na mwishoni Wamarekani na Waskoti. Wenye jina kwenye merikebu walikuwa wengine, na wenye kuujua ufundi wake walikuwa wengine. Maadamu fedha na umoja vipo, ufundi ulinunuliwa. Fedha na umoja vilipokwisha, hatukuwa na karakana, hatukuwa na shule ya ubaharia, hatukuwa na kiwanda cha chuma. Mbao zikioza hatukuweza kuunda nyingine.

Na nimeona kwamba jeshi la majini halikui wala halipungui kwa siku moja. Merikebu ya leo ni uamuzi wa miaka kumi nyuma. Anayekata gharama ya matengenezo leo haoni kitu, bado zaelea. Atakayeona ni mwanawe.

Oman ya leo imejenga tena. Kati ya 2013 na 2014 ilipokea manowari tatu mpya, Al-Shamikh, Al-Rahmani na Al-Rasikh. Na zimeundwa wapi? Portsmouth, Uingereza. Sisi Kenya Jeshi letu la Wanamaji lilianzishwa tarehe 12 Disemba 1964, na makao yake muyaona mukipita, pale Mtongwe. Nalo pia manowari zake limezinunua ng'ambo, kama KNS Jasiri iliyoundwa Uhispania na kuja mwaka 2012. Siwalaumu, nchi nyingi duniani hununua. Lakini kijana wa pwani akiniuliza asomee nini, nitamwambia: wako wanaosomea kuendesha na wanaosomea kuamrisha. Soma kutengeneza. Uchomeleaji wa vyuma, mashine za meli, umeme wa meli. Dada zangu pia, msifikirie ni kazi ya wanaume peke yao. Mafundi wa majahazi kama Babu wanaondoka mmoja mmoja na wengi wao hawajaacha mwanafunzi. Mimi mwenyewe nimo. Babu aliniita mara ngapi nikamshikie patasi, nami nikasema nina mtihani.

Na nimalizie kwa jumuiya yetu hii hii. Daftari letu lina majina 140. Tunapenda kulitaja tukienda kuomba msaada: "Sisi ni vijana mia na arubaini." Jumamosi iliyopita, kwenye masomo ya ziada ya watoto wa darasa la chini, tulifika waalimu watano. Kwenye kupika futari ya mayatima walifika kumi na moja, na wanane kati yao ni akina dada. Mwenyekiti asinichukie. Ninachosema ni kwamba 140 ni hesabu ya barazani. Merikebu zetu zinazoelea ni hizo 16, na kama hatutazitunza, nazo zitachoka.

Mulio na majina daftarini na hamujaonekana, hatuwatukani. Mlango uko wazi kesho baada ya alasiri. Kuna mihogo ya kumenya na viazi vya kukata, na kuna watoto wawili wa darasa la sita ambao hesabu za sehemu zimewashinda. Hiyo ndiyo kalafati yetu.

Nimesema niliyoyasema. Yaliyo sawa yanatoka kwa Allah (S.W.), na yaliyo na makosa ni yangu mimi na shetani wangu. Namuomba Allah azikubali funga zetu na visimamo vyetu, awarehemu wazee wetu waliotangulia, mabwana na watumwa, waliokuwa ngomeni na waliokuwa merikebuni, na amrehemu Babu yangu. Atujaalie tuwe watu wa kazi kuliko maneno. Amin.

Wabillahi taufiq. Wassalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.